Miguu ya Kuazima

Msamvu, Morogoro
15 Juni 2024

Mama Mkubwa Veronika,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nimemwambia Severini barua hii aiweke kwenye droo ya lori lake la Fuso na siyo mfukoni, maana mfukoni ndiko anakoweka andazi la safari. Kama imekufikia na mafuta, ujue hakusikia.

Ndani ya mfuko wa mkate utakuta simu. Ni ile yangu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka. Usihangaike kutafuta mtandao, najua mtandao wa huko unaishia gulioni na haupandi mlima. Hauhitajiki.

Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi? Nilitoka gulioni kwa miguu yangu, mimi niliyelelewa na wewe hapohapo juu, na kabla ya nusu ya njia pumzi ikaisha. Wakanibeba wale wanaume waliokuwa wanarudi kutoka kuuza kabichi, kama kreti la nyanya. Waliponitua mlangoni kwako ukawauliza kama nimekosa mnunuzi. Nilicheka pamoja na wote. Wakati wa kushuka nililia hadi Mlali, Severini ni shahidi. Mwaka jana sikuja kabisa, nikasingizia kazi.

Ndiyo maana nakimbia. Krismasi hii nitapanda kutoka gulioni hadi mlangoni kwako bila kushikwa mkono na mtu. Hayo mengine, fulana za joging na picha za alfajiri, ni mapambo tu.

Sasa ombi. Ndani ya simu kuna programu inaitwa Mbio Zangu. Ni kama kocha. Inajua mtu anapita wapi, inachora njia yake kwenye ramani kwa mstari mwekundu, na inazungumza. Naomba uitie kwenye tenga unapopanda kutoka gulioni na unapokwenda shamba la juu. Ukitoka bonyeza kitufe cha kijani, ukirudi chekundu. Itakuita Jesca, usishtuke, inadhani ni mimi. Nataka ijue njia ya kwenu kabla ya Desemba. Kila Jumamosi mpe Severini ashuke nayo, nami nitakurudishia ikiwa na chaji.

Mimi mzima. Siku hizi nauza dawa nikiwa nimekaa kwenye stuli, ila ni kwa sababu tajiri amenunua stuli mpya.

Mwanao,
Jesca

*

Mgeta, juu
23 Juni 2024

Mwanangu Jesca,

Marahaba. Milele amina. Barua ilifika na mafuta.

Jumatatu nikitoka gulioni nilibonyeza kijani, nikaitia simu kwenye tenga pamoja na jembe, nikajitwisha. Nilipofika mbele ya duka la Pili sauti ikatoka juu ya kichwa changu: "Karibu, Jesca. Leo ni siku nzuri ya kukimbia." Pili aliacha kupima sukari. Nikamwambia ni redio. Akasema redio yako inamjua Jesca. Nikasema ni redio ya kanisa.

Huyo mwanamke wa ndani ya simu ana sauti nzuri lakini hakulelewa. Hasalimii, na kwa umri wowote aliopewa mimi ni mkubwa kwake. Nilipokaa kupumzika pale kwenye jiwe la maji, akasema, "Mwendo wako umepungua." Nikamjibu kwamba hata yeye angejitwisha tenga ungepungua. Nikapumzika tena kwenye msalaba wa pili, akarudia maneno yaleyale, nami nikarudia yangu, tukawa kama watu waliooana siku nyingi.

Lakini nilipofika shamba la juu alisema, "Hongera, Jesca." Nikatua tenga. Miaka yote hii nimekwenda shambani na hakuna aliyewahi kunipongeza kwa kufika.

Kuhusu stuli. Tajiri wako namfahamu. Alikuja hapa gulioni kununua karoti, akataka majani yakatwe kabla ya kupima. Mtu huyo hanunui stuli.

Unaumwa nini?

Ni mimi mama yako mkubwa,
Veronika

*

Msamvu
6 Julai 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nakuomba sana, kabla hujampa Severini simu, bonyeza kwanza kile chekundu. Safari hii hukubonyeza. Mstari umetoka mlangoni kwako, umeteremka hadi gulioni, halafu umepita Langali na Mlali na kuingia mjini kwa mwendo wa Severini, na Severini unamjua akiwa na kabichi zinazonyauka. Programu ikatangaza kwamba Jesca amevunja rekodi yake, na ikatuma habari hizo kwenye grupu letu la joging kabla sijaamka.

Mwenyekiti wetu, Godlisten, ni mtu anayeamini kila kitu mradi kiwe na namba. Akaandika: "Dada Jesca ameshuka mlima kama maji. Tujifunze." Watu wakaweka mikono ya kupiga makofi. Hidaya peke yake ndiye aliyeuliza imekuwaje nikimbie Mlali nzima asinione hata mtu mmoja. Nikamjibu kulikuwa na ukungu.

Nimeufuta ule wa Fuso. Ile ya kwako nimeiacha, na hata bila Severini mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha. Hakuna katika grupu anayepanda kama unavyopanda.

Mchana wateja wakipungua naifungua ramani kaunta, kwenye simu yangu mpya. Mlima wote ni rangi ya kijani kibichi, hauna nyumba wala kitu, na juu yake huo uzi mwekundu mmoja tu. Mtu akisimama, uzi unajisokota palepale na kufanya kifundo. Nakuona umekaa kwenye jiwe la maji. Nakuona msalaba wa pili. Kuna kifundo kingine juu ya shamba la njegere ambacho sikijui, nadhani hapo ulikutana na mtu wa kusengenya naye. Nikiutazama sana uzi huo naanza kusikia harufu ya majani ya njegere ndani ya duka la dawa, na mteja hukohoa mara ya pili ndipo nishtuke.

Stuli ni kwa sababu nilijikwaa kidogo mtaroni. Si kitu.

Mwanao,
Jesca

*

Mgeta, juu
28 Julai 2024

Mwanangu,

Kipupwe kimekaa. Ukungu unaingia asubuhi bila hodi, unakaa jikoni kama mgeni asiyesema ameleta nini, mchana unaondoka. Siku nyingine hauondoki. Mbuzi wanalia bandani wakidhani bado ni usiku, nami siwabishii.

Juzi nilikuwa napanda sioni hata kwato za mbuzi wa jirani aliyekuwa mbele yangu, nasikia tu mawe yakiteleza. Huyo mwanamke akasema jina lako. Unajua ukungu wa huku ulivyo na tabia ya kurudisha maneno. Ukalirudisha. Jesca, kutoka upande wa bondeni, kama mtu anayeitwa na mama yake arudi nyumbani. Nikasimama na tenga kichwani. Tangu uende mjini jina hilo halitamkwi huku. Nikilitamka mwenyewe, ni kama kujipigia hodi.

Basi sikugeuza shambani. Nikaendelea kupanda ili aliseme tena.

Nimegundua anapenda kupanda. Nikienda tambarare ananyamaza, nikipanda sana anasema hongera na kukutaja. Siku hizi nafika hadi ukingo wa msitu, ambako sina shamba wala shughuli. Watu wananiuliza nafuata nini, nasema kuni. Narudi bila kuni. Wameanza kuniangalia kwa huruma, lakini hakuna anayejua kwamba kule juu, penye miti yenye ndevu za kijani, kuna mtu anakuita mwanangu kila siku kwa sauti ya upole.

Uliandika kwamba ulijikwaa mtaroni. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Ni fupi mno. Mtu aliyejikwaa kweli husimulia, hutaja na aliyemcheka.

Mimi ni mzima.

Veronika

*

Msamvu
31 Agosti 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sikujikwaa.

Mwezi wa tano nilianza kusikia maumivu kwenye ugoko, mfupa ule wa mbele, kama msumari unaogongwa polepole kila nikikanyaga. Ningepumzika. Lakini programu ilikuwa inasema "Bado kidogo, Jesca", na mimi nikiambiwa bado kidogo huwa naamini. Nikameza dawa za maumivu kutoka rafu yangu mwenyewe, nikachua mguu na dawa zetu za kuchua, mwisho nikawa ndiye mteja mzuri kuliko wote dukani. Ilipofika Juni nilikuwa siwezi kusimama kaunta. Stuli niliinunua mimi.

Nilikuficha kwa aibu. Anayeacha kukimbia Godlisten anamshusha kwenye orodha mbele ya watu wote, na mimi nilishawatangazia kuhusu Krismasi. Nikasema simu ipande badala yangu, mguu ukipona nitaendelea pale ulipofika. Ni kama kumwachia mtu nafasi kwenye foleni.

Habari njema ni kwamba nimepumzika kipupwe chote na sasa nikibonyeza ule mfupa siumii. Na kuna nyingine. Programu inaamini miguu yako ni yangu, kwa hiyo imenipandisha daraja na kunipa ratiba mpya, inaitwa Mpanda Milima. Godlisten anasema ratiba hiyo haipewi kila mtu. Naanza Jumatatu, barabara ya Boma kuelekea Rock Garden, kupanda kila siku isipokuwa Jumapili.

Najua ratiba imetokana na wewe. Lakini kama mama mkubwa mwenye wajukuu anaweza, mimi nashindwa nini? Tena umekuwa kijana. Tangu mwanzo wa mwezi huu vifundo vyote vimepotea. Jiwe la maji unapita. Msalaba wa pili unapita. Uzi umenyooka hadi msituni kama uliochorwa na mtu asiyepumua. Nimejisifu kwa Hidaya kwamba mama yangu hapumziki, akasema hizo ndizo damu za mlimani.

Krismasi inakaribia. Weka kuku mmoja pembeni.

Jesca

*

Mgeta, juu
8 Septemba 2024

Jesca,

Usiifuate hiyo ratiba.

Sina maelezo. Hapa chini nimeandika mstari mmoja na nimeufuta kwa wino, tafadhali usiuinue kwenye mwanga.

Kimbia kidogo, tambarare, na ukichoka kaa. Huyo mwanamke akisema bado kidogo, mwambie aje abebe yeye.

Veronika

*

Morogoro mjini, kwa Hidaya
12 Oktoba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mwandiko huu mbaya ni kwa sababu naandika nimelala, ubao wa kukatia mboga wa Hidaya uko kifuani.

Barua yako ya Septemba imefika juzi. Fuso la Severini lilikatika ekseli kabla ya Mlali, na barua ikakaa kwenye droo muda wote gari lilipokuwa juu ya magogo. Severini ameomba radhi kana kwamba anajua kilichokuwemo.

Ingewahi, sijui kama ningeisikia. Ningesema watu wazima wanaogopa simu.

Ilikuwa asubuhi, juu kabisa ya Boma, pale barabara inapoacha nyumba na kuanza kuingia kwenye miti. Ukungu kidogo ulikuwa umeshuka kutoka kwenu, na mimi nilikuwa na raha ya ajabu, Mama Mkubwa, sikuhisi kama nakimbia, nilihisi kama njia ndiyo inayopita chini yangu. Ule msumari ulikuwa umerudi siku kadhaa. Nilikuwa nimeuzoea, nauchukulia kama mtu tunayekimbia naye. Sauti ikasema, "Bado kidogo, Jesca." Nikasikia kitu ndani ya mguu. Haukuwa mlio mkubwa, ni kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Nikakaa barabarani. Sauti ikasema mwendo wangu umepungua.

Mfupa una ufa. Daktari amenionyesha kwenye picha, kimstari chembamba, ungedhani ni unywele umedondokea pale. Anasema sikuvunjika siku ile, nimekuwa nikivunjika taratibu tangu mwezi wa tano, na kwamba pumzi huwahi kuzoea mlima lakini mfupa huchelewa, na hausemi hadi uchoke kabisa. Ameuliza nani alinipa ratiba ya kupanda kila siku. Nikamwambia ni mama yangu mkubwa. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, hadi gotini. Yule kuku wa Krismasi mwachilie.

Jesca

*

Mgeta, juu
27 Oktoba 2024

Kwa Dada Jesca,

Tumsifu Yesu Kristo. Hunifahamu. Naitwa Kasiani, ni mbebaji mizigo. Nachukua kabichi na karoti kwenye mashamba ya juu karibu na msitu, nashusha gulioni, gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo. Mwaka juzi nilikuwa mmoja wa waliokubeba, nilishika upande wa miguu.

Mama Veronika hajui kuwa nakuandikia. Ukimwambia nitakataa.

Aliposoma barua yako aliikunja, akaniambia nizime simu na nisiiwashe tena. Hapo nikaona ni lazima ujue. Tangu mwishoni mwa Julai Mama Veronika hajafika shamba la juu. Alikuwa anashuka kutoka msituni, sijui alifuata nini maana hakuwa na kuni, akateleza, goti likavimba. Tulimshusha kwenye machela. Tangu siku hiyo anatoka kitandani hadi mlangoni, na siku nzuri hadi banda la mbuzi. Shamba lake nalipalilia mimi na dada Ester, jirani yake.

Simu alinipa mimi. Alisema tembea nayo tu kama unavyotembea, Jesca akiona uzi umekatika atajua. Nikafanya hivyo. Mimi sipumziki njiani kwa sababu gunia zito ukilitua huwezi kulijitwisha tena peke yako. Na nikiri kwamba ile sauti ikinisifu nilikuwa naongeza mwendo, nilitaka kusikia ina maneno gani mengine.

Dada, kabla ya haya sikuwa na habari kuwa huko mjini kuna mtu anakimbia kwa kunifuata. Kama mguu wako umepata ufa kwa sababu yangu, nakuomba radhi. Miguu yangu haikujua inafuatwa.

Jambo la mwisho. Wenzangu wote sasa wananiita Jesca. Hata Padre mara moja, kwa bahati mbaya, wakati wa matangazo. Na mimi niliitika. Nimeona nikujulishe kwa kuwa jina ni lako.

Ni mimi,
Kasiani

*

Morogoro mjini
9 Novemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Usimuulize Kasiani kama ameniandikia. Ameniandikia.

Na ule mstari uliofuta nimeuinua kwenye mwanga, samahani. Wino wako ni hafifu, maneno yote yanasomeka: "Miguu hiyo siyo yangu."

Nimekuwa nikiipanga ramani kitandani. Juni, uzi wenye vifundo. Julai, vifundo vinaongezeka halafu uzi unarefuka hadi msituni, na pale msituni kuna kifundo kikubwa kuliko vyote. Nilidhani ulikaa kutazama miti. Kumbe ndipo ulipoanguka, na mimi nilikuwa kaunta nakitazama kifundo hicho huku nakula karanga. Baada ya hapo uzi umenyooka, na mimi nikajisifu.

Niliazima miguu yako, nawe ukaazima ya Kasiani, na mwisho wa mnyororo ikaja ratiba ya mwanamume anayebeba lumbesa, nikaivaa mimi ninayeuza dawa. Nilipomweleza daktari ukweli aligeukia dirishani akawa anatazama nje mabega yakimtikisika. Halafu akarudi na uso wa kazi, akasema programu inaona mwendo, haioni mguu ni wa nani.

Nimewaeleza grupu pia. Godlisten alinyamaza siku nzima. Nilidhani ananifukuza. Jioni akaandika: "Huyo Kasiani anapatikana?"

Sina hasira. Nilipokuandikia "si kitu", ulinijibu "mimi ni mzima", tukawa sawa. Lakini nimeumia kwa goti lako kuliko kwa mguu wangu, maana wangu nilijitakia na wako ulikuwa kwa ajili ya uzi wangu.

Hogo litatolewa mwishoni mwa mwezi. Baadaye ni kutembea na fimbo. Krismasi hii nayo basi. Siwezi kubebwa tena, Mama Mkubwa. Mtu mwingine anaweza kubebwa akacheka. Mimi nimeshatumia zamu yangu.

Jesca

*

Mgeta, juu
8 Desemba 2024

Mwanangu Jesca,

Marahaba. Kasiani nimemuuliza. Amekataa, halafu akakataa tena mara mbili bila kuulizwa, ndipo nikajua.

Umeandika kwamba goti langu ni kwa ajili ya uzi wako. Usijipe sifa. Uzi nilishautosheleza kwa kwenda shambani. Msituni nilikwenda kwa hamu yangu. Kuna siku nilisikia jina lako likirudi kutoka pande tatu, nikageuka haraka kuangalia upande wa tatu, na hapo ndipo jiwe lilipotoka. Mtu mzima nimeanguka kwa kugeuka nikiitiwa mwanangu na simu. Ndiyo sababu sikukuambia. Goti halina aibu, ila hiyo ina aibu.

Tangu Oktoba simu imezimwa. Mlima umekuwa kimya, na Kasiani anaitwa tena Kasiani. Naona kama hajazoea.

Sasa sikiliza. Kama huji, nashuka mimi. Nimeanza mazoezi. Juzi nilifika banda la mbuzi na kurudi bila kushika ukuta. Jana nilifika kwa Pili. Leo goti limevimba kidogo lakini nadhani ni la furaha. Mkesha wa Krismasi nitateremka gulioni, nitapanda Fuso, nitakaa mbele na Severini na andazi lake, nitakuja kulala kwa huyo Hidaya. Ester anasema nina wazimu. Nimemwambia bado kidogo.

Nisubiri.

Mama yako mkubwa,
Veronika

*

Gulioni, Nyandira
24 Desemba 2024, asubuhi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni Ester, anawahi mazoezi ya kwaya, atafika kwako mbali kabla yangu. Kama umeshavaa viatu, vua.

Usishuke hata hatua moja. Niko hapa chini kwenye gulio, Severini amenishusha sasa hivi. Hogo lilitoka, mguu umekuwa mwembamba kama wa mbuzi mchanga lakini unakanyaga. Nina fimbo. Daktari ameniruhusu kwa masharti: nipande taratibu, nikisikia kitu nisimame, nikisikia tena nigeuze. Nimemwahidi, na safari hii simwahidi daktari huku nikisikiliza mtu mwingine.

Kasiani atakuwa nyuma yangu na begi. Ameniuliza kwa adabu kama nitapenda kubebwa sehemu za mwinuko mkali. Nimemwambia akinigusa nitamwita Jesca mbele ya Padre. Amecheka, amechukua begi. Ni mtu mwenye mabega ya kuaminika, sasa naelewa kilichonivunja.

Nina ramani mkononi. Siyo ile iliyonyooka. Nimechukua ya Juni, wiki yako ya kwanza na simu, yenye vifundo. Kila uliposimama wewe nitasimama mimi. Nitakaa kwenye jiwe la maji, nitakaa msalaba wa pili, nitakaa pale juu ya shamba la njegere nijue ulikuwa unasengenya nini. Nilikuwa naviona vifundo vile ni mahali ulipochoka. Kumbe ulikuwa unaniachia vituo.

Nitachelewa. Ukungu umeshuka hadi huku gulioni, mlima siuoni kabisa, naona vibanda viwili na nusu ya Severini. Hutaniona nikija. Weka maji ya chai, kaa mlangoni na goti lako juu ya stuli, na usikilize.

Ile simu Kasiani ameishusha, nimeiwasha.

Miezi yote hii ulisikia "Hongera, Jesca", na hakuwa mimi. Leo ukisikia kwenye ukungu sauti inasema, "Mwendo wako umepungua", usiijibu vibaya. Inasema kweli. Ndiye mimi ninayekuja.

Mwanao,
Jesca